Wanasema ni mpango wa Mungu, nami siwezi kuitikia amina

Shikamoo Mama,

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba iko siku ningekuandikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya mkoa wa Tanga, nimeolewa, na Mungu alitujalia watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, tulimzika mwaka jana akiwa darasa la kwanza. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Wa pili ni binti wa miaka mitatu, na miezi michache baada ya msiba vipimo vilionyesha kwamba naye anao.

Mwanangu alianza kuumwa kabla hajatimiza mwaka. Viganja na nyayo vilimvimba, akalia usiku kucha, nasi tukadhani ameumwa na mdudu. Baadaye tuliujua ugonjwa, tukajifunza kuishi nao. Maumivu yalipomshika nilikuwa napiga pasi kanga, naikunja ingali na moto, namkanda nayo kwenye miguu, naye ananiambia, "Mama, hapa pameshapoa, rudia." Nilirudia hivyo usiku mwingi mpaka kanga ile ikaungua kwenye pindo.

Usiku wa mwisho alipata homa, viganja vikawa vyeupe, na tumbo likamvimba upande wa kushoto. Tulikodi bajaji mpaka kituo cha afya kilicho karibu, tukaambiwa tutangulize fedha ndipo apokelewe. Mpaka mume wangu alipompata mtu wa kumkopesha, saa mbili zilikuwa zimepita. Tulipofika hospitali kubwa daktari aliagiza aongezewe damu, lakini damu ya kundi lake haikuwepo. Ndugu walipigiwa simu waje kuchangia, na wawili wakakataa wakisema wanaogopa. Alfajiri mtoto akakata roho.

Msibani watu walinipa pole kwa maneno ambayo mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wafiwa wengine: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, huo ndio mpango wake. Mchungaji aliposema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," umati wote uliitikia kwamba jina la Bwana libarikiwe. Mimi sikuitikia, na tangu siku hiyo kila ninapokwenda kanisani nafika mahali pa kusema amina kinywa changu kinakataa.

Nilimfuata mchungaji nikamuuliza kwa nini Mungu anayejali aliyaacha haya yatokee. Alinijibu kwa upole kwamba Mungu alimpa binadamu hiari, binadamu akaitumia vibaya tangu Edeni, na mateso yote yametokana na hapo. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: mwanangu alichagua nini? Mama mkwe kwa upande wake anasema kuna laana upande wa kwetu, kwa sababu mjomba wangu mmoja alikufa akiwa mtoto, macho yakiwa ya njano kama ya mwanangu. Mhubiri mmoja wa mikutano ya jioni amesikia habari hiyo, akasema nikitoa sadaka maalumu ataivunja laana hiyo na binti yangu atapona.

Kinachonitisha zaidi ni mume wangu. Ni mtu mwema na ananipenda, lakini tangu tupate majibu ya binti amekuwa akisema kwamba kama Mungu amempangia kuishi ataishi, na kama hakumpangia, hata tukizunguka kliniki zote hatutabadilisha kitu. Kwa sababu hiyo hatujaanza kliniki.

Mama, je, Mungu alimpangia mwanangu kufa? Kama hakupanga, alikuwa wapi? Je, ni mimi niliyempa ugonjwa ule? Na je, nimekwisha kuwa kafiri kwa sababu siwezi tena kuitikia?

Mama mwenye maswali,
Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kumzika mtoto uliyemlea kwa kumkanda usiku kucha. Umeniuliza maswali ambayo watu wameyauliza tangu zamani sana, nami nitayajibu kadiri ya imani yangu na akili yangu. Lakini nitaanza na jambo la mume wako, ambalo wewe umeliweka mwisho, kwa sababu maswali mengine yanaweza kungoja na hilo haliwezi.

Binti yako aanze kliniki wiki hii. Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi wanaokufa hufa wakiwa wadogo, kwa homa na upungufu wa damu ambao ungeweza kuzuiwa au kutibiwa mapema. Mtoto wa umri wake anahitaji penisilini ya kila siku mpaka atimize miaka mitano, anahitaji chanjo zote, chandarua chenye dawa, dawa ya kumkinga na malaria kama daktari atakavyoelekeza, na maji ya kunywa ya kutosha. Mwombe nesi akufundishe kuipapasa bandama yake, iliyo chini ya mbavu upande wa kushoto, ili ikianza kuvimba uijue mapema kabla viganja havijawa vyeupe. Homa kwake ni dharura, hata ikija usiku wa manane. Tena muulize daktari kuhusu dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezewa damu, na waliokufa wakawa wachache zaidi. Hutumiwa chini ya uangalizi, maana damu hupimwa mara kwa mara. Hospitalini uliza pia ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwashughulikia wagonjwa wasioweza kulipa, na ujiandikishe mapema kabla siku ya dharura haijafika.

Sasa, mume wako anasema yote yamekwisha kupangwa. Ninyi ni Wakristo, lakini naomba nikupe kisa ambacho majirani zenu Waislamu hapo Tanga wanakijua vizuri. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kuelekea Shamu, yaani nchi ya Siria na jirani zake, alipopata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kuwarudisha watu wake. Abu Ubaida, aliyekuwa mmoja wa maswahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, kisha akamuuliza: ukiwa na ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, je, hutakuwa umelisha kwa kadari ya Mungu upande wowote utakaouchagua? Umar alimwamini Mungu kuliko wengi wetu, na kwa imani hiyohiyo aliwageuza watu wake wakarudi. Kama Mungu anapanga, basi kliniki ya selimundu imo ndani ya mpango wake, na daktari aliyesoma miaka mingi yumo, na miguu ya baba ya kumpeleka mtoto nayo imo. Mtu anayesema atabaki nyumbani kwa sababu Mungu amekwisha kuamua amechagua jambo, naye atakuwa amelichagua yeye.

Hata hivyo nakusihi usimwambie hayo kwa ukali, kwa sababu nadhani najua yanatoka wapi. Mume wako ndiye aliyezunguka usiku ule kutafuta mkopo. Saa mbili zile ziko kichwani mwake kila siku. Ikiwa kifo cha mtoto kilipangwa mbinguni, basi saa mbili hazikubadilisha kitu, na baba aliyekosa fedha mfukoni hana lawama. Ikiwa hakikupangwa, ataanza kujiuliza kama angekwenda kwa mtu mwingine kwanza, kama angeweka akiba, kama angegombana na watu wa kituo mpaka wamwone mtoto. Ameukamata mpango wa Mungu kwa nguvu ili asiyafikirie hayo. Umwambie kwanza, tena kwa maneno ya wazi, kwamba humlaumu. Kisha mwombe jambo dogo: akusindikize kliniki mara moja. Mzazi aliyeona watoto wa miaka kumi na mitano wenye ugonjwa huohuo wamekaa kwenye benchi la kliniki, wamevaa sare za sekondari, hapati shida kubwa kuamini kwamba dawa ina maana.

Niende sasa kwa mchungaji wako, ambaye naona ni mtu wa heri na alikujibu kwa upole. Hoja aliyokupa ni ya zamani, na mmoja wa waliowahi kuieleza kwa undani zaidi alikuwa Mwafrika, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria na baadaye akawa askofu wa mji wa Hipo. Kwa kifupi, hoja inasema kwamba Mungu alitaka watu wanaoweza kupenda, na anayeweza kupenda kwa hiari yake lazima aweze pia kukataa kupenda, na uovu umeingia kwa mlango wa kukataa huko. Mimi naiona hoja hii kuwa ya kweli pale inapohusika, na katika barua yako inahusika kweli. Mtu aliyekaa kwenye dirisha la kituo kile akasema fedha kwanza, huku mtoto mwenye viganja vyeupe yuko mbele yake, alikuwa na uwezo wa kusema neno jingine. Waliopanga utaratibu ule nao walichagua. Hasira uliyo nayo juu ya jambo hilo ni ya haki, na si lazima uipeleke kwa Mungu wakati wenye kuistahili wapo. Andika malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa kamati ya afya inayosimamia kituo hicho, ukieleza saa mliyofika na saa mliyopokelewa. Yeyote anayekuambia kwamba kuandika malalamiko ni kupingana na mpango wa Mungu anamsingizia Mungu makosa ya binadamu.

Kuhusu ndugu wawili waliokataa kutoa damu, najua jeraha hilo ni la ndani zaidi kwa sababu ni watu mnaokula nao. Hofu ya sindano na uvumi kuhusu damu vimewafunga watu wengi katika nchi hii, na sitakulazimisha kuwasamehe kwa ratiba yangu. Lakini binti yako huenda siku moja atahitaji damu, na wewe ni mwalimu. Zungumza na mkuu wako wa shule na kanisa lako ili watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama waalikwe kuja kuchukua damu, na ndugu hao waalikwe pamoja na wengine. Wengine hushinda hofu wanapomwona jirani ametoa damu akarudi kazini kwake salama.

Hapo ndipo hoja ya hiari inapoishia. Ugonjwa wenyewe haukuchaguliwa na mtu. Mwanao hakuchagua, wewe hukuchagua, na hata tukirudi nyuma vizazi mia moja hatumkuti mtu aliyetenda dhambi ikageuka kuwa selimundu. Agostino mwenyewe alipofika kwenye mateso ya watoto wachanga aliona ugumu huo, na akaandika kwamba huenda Mungu anawarekebisha wakubwa kwa maumivu ya wadogo wanaowapenda. Alikuwa mtu mkubwa, na yeye pia alimzika mwana wake wa pekee akiwa kijana, lakini hapo simfuati hata hatua moja. Mwalimu anayempiga mtoto mmoja ili mwingine ajifunze tungemfukuza shuleni, na siwezi kumwabudu Mungu kwa jambo ambalo ningemshitakia mwalimu.

Yanayojulikana kuhusu asili ya ugonjwa huu nitakueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona yatakusaidia kwa habari ya mama mkwe. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara, hupinda kama mundu kwa sababu ya badiliko dogo mno katika kinasaba kimoja. Mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, na wengi huzeeka bila kujua kwamba wanalo. Anayelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo, akaona kwamba wenye badiliko hilo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa sababu yake: mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hapatwi kirahisi na malaria kali. Katika nchi za mbu wengi, kama hapo kwenu Tanga, watoto hao waliishi wakati wenzao walikufa, wakakua, wakazaa, wakarithisha.

Kwa hiyo mama mkwe wako ameona kitu cha kweli na kukipa jina lisilo lake. Macho ya njano ya mjomba wako yalikuwa ya ugonjwa huohuo, inawezekana kabisa. Lakini mwanao hakuweza kuugua kwa urithi wa upande wako peke yake, maana ni lazima nusu itoke kwa baba, na kwa babu au bibi wa upande wake. Usimrushie jambo hili kama jiwe la kulipiza kisasi. Mwombe daktari awaeleze yeye na mume wako, wewe ukiwa kimya. Damu iliyomwua mjukuu wake ndiyo iliyowavusha mababu wa koo zenu zote mbili katika malaria, na kama si hiyo huenda yeye na mume wako wasingezaliwa. Hakuna laana hapo. Wala si wewe uliyempa mtoto ugonjwa, ikiwa kumpa maana yake ni kutenda. Ulimpa ulichokuwa nacho bila kujua kwamba unacho, sawa na baba yake, na asiyejua hakuchagua. Mkitaka mtoto mwingine, jueni kwamba katika kila mimba uwezekano wa kuzaa mwenye ugonjwa ni mmoja kati ya minne, haupungui wala hauongezeki kwa yaliyotokea kwenye mimba zilizotangulia. Uamuzi huo ni wenu wawili, na mzungumze na mtaalamu kabla.

Yule mhubiri wa sadaka maalumu usimpe hata shilingi. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Fedha hiyo ni nauli ya kliniki.

Najua bado sijakujibu. Utaniambia kwamba Mungu mwenye uwezo wote angeweza kuwakinga watu na malaria kwa njia nyingine isiyoua watoto, na utakuwa umesema kweli. Wako wanaojibu kwamba dunia yenye kanuni zisizobadilika ndiyo pekee ambamo tunaweza kujifunza, kupanda, kutibu na kuwajibika, na kwamba kanuni zilezile zinazoiwezesha haidroksiyurea kufanya kazi ndizo zilizoiruhusu chembe ipinde. Naikubali hoja hiyo nikiwa nimekaa mezani, lakini sioni kwamba inaweza kusemwa mbele ya jeneza la mtoto wa darasa la kwanza, na hoja isiyoweza kusemwa hapo sitaiita jibu.

Ninachoweza kukuambia ni kile ninachokiamini. Siamini kwamba Mungu alikaa akamwandikia mwanao usiku ule. Tazama jambo lililompata Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim. Siku hiyo jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto, naye akawakataza, akisema jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Alimlilia mwanawe kwa machozi ya wazi, lakini hakukubali mwenendo wa mbingu ugeuzwe kuwa ujumbe juu yake. Yesu naye alipoulizwa habari za watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, wakafa kumi na wanane, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, na kwenye kaburi la Lazaro alilia. Aliyelia hivyo hakuwa akiutazama mpango wake mzuri ukitimia. Mimi namwamini Mungu huyo, anayekichukia kifo cha mtoto kuliko tunavyokichukia sisi. Umeuliza alikuwa wapi. Naamini alikuwa upande wenu, upande wa mwenye kukanda na mwenye kukandwa. Siwezi kukuthibitishia kwa hoja, na sitakukasirikia ukisema kwamba hilo halitoshi.

Umeniuliza pia kama umekuwa kafiri. Hapana. Maneno aliyoyasema mchungaji kaburini ni ya Ayubu, sura ya kwanza. Misiba yetu inalipenda sana andiko hilo, na kwa bahati mbaya wengi hufunga kitabu hapo. Katika sura ya tatu mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo, sura baada ya sura, anamshitaki Mungu, anadai aelezwe kosa lake, anasema heri angepata mtu wa kuamua kati yao. Rafiki zake watatu walifanya vizuri mwanzoni, walipokaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua vinywa wakaanza kumweleza kwamba Mungu hakosei, kwamba lazima ipo dhambi, kwamba atubu. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu mwenyewe anawakasirikia hao waliomtetea, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Ukisoma kwa makini utaona pia kwamba Ayubu hakupewa sababu ya mateso yake hata siku moja. Alisikilizwa, akajibiwa kwa maswali, na shitaka lake halikuhesabiwa kuwa kufuru.

Basi usiitikie kile usichoweza kuitikia. Nenda kanisani ukitaka, kaa kimya penye amina, na anayekutazama akutazame. Ukihitaji maneno ya kuomba, chukua Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuisha gizani bila kugeuka kuwa shukrani, na bado imo katika kitabu cha sala. Mwambie mchungaji wako kwamba ulipokwenda kwake ulihitaji mtu wa kukaa nawe kuliko maelezo ya Edeni. Mwonyeshe ukurasa huu ukiona vigumu kulisema, maana wachungaji wengi hukimbilia maelezo kwa sababu na wao wanaogopa ukimya wa mfiwa.

Siku moja binti yako atauliza kaka yake yuko wapi, na kama yeye naye atakwenda. Usimwambie kwamba Mungu alimpenda zaidi kaka akamchukua. Mtoto anayesikia hivyo, naye ana ugonjwa uleule, ataanza kuogopa kupendwa na Mungu. Mwambie kaka aliumwa, damu yake ikapungua sana, madaktari hawakuwahi, sisi sote tulilia, na tunaamini yuko kwa Mungu. Mwambie kwamba yeye anakunywa dawa ambazo kaka hakuzipata mapema, na kwamba baba na mama wanaijua njia ya hospitali. Akiuliza kwa nini Mungu hakumponya, mwambie kwamba wewe pia unamuuliza Mungu hilo.

Niandikie tena ukishafika kliniki. Nataka kujua daktari amesema nini kuhusu haidroksiyurea, na kama baba yake alikuja.